Saa ya Wageni Katika Wadi ya Wanawake

Nilikuwa nimeshuka Embu kununua ndengu. Wakati huo nilikuwa na kibanda cha chakula Nchiru, karibu na lango wanakotokea wanafunzi wa chuo, na ndengu za kule chini Mbeere huiva upesi kuliko zile nilizokuwa nikiuziwa Meru mjini. Basi nilikuwa na mazoea ya kuamka mapema, kuteremka Embu, kununua gunia na kurudi kabla ya jioni. Siku hiyo sikurudi. Gunia lilikuwa limeshapakiwa, nikakumbuka sijanunua vitunguu, nikavuka barabara ya sokoni. Pikipiki ikatokea upande ambao sikuutazama. Nakumbuka kiatu changu kimoja kikiwa mbali nami katikati ya lami. Nakumbuka wanawake wa sokoni wakinifunika kwa leso, na mmoja wao akiniuliza kwa Kiembu jambo ambalo sikuelewa.

Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Hospitalini walinipitisha chuma kwenye mfupa wa chini ya goti, wakaning'iniza uzito mwishoni mwa kitanda ili uvute mguu polepole mpaka mfupa urudi mahali pake. Daktari wa mifupa, kijana mpole mwenye sauti ya chini, aliniambia, "Mama, hapa utalala chali. Si siku moja wala mbili, ni wiki nyingi. Huwezi kugeuka. Itabidi uvumilie."

Nikamwambia nitavumilia. Sikujua nilichokuwa nikikubali.

Mimi ni mzaliwa wa upande wa Mikinduri, kwenye mashamba ya miraa. Niliolewa nikiwa msichana. Hatukujaliwa mtoto, na mume wangu alikwenda Isiolo kutafuta kazi, akapata familia nyingine huko, akakaa. Hakunifukuza wala hatukugombana. Aliacha tu kurudi. Mama yangu alifariki kitambo. Nimebaki na kaka mmoja anayeishi kwenye boma la wazazi. Pale Nchiru wanafunzi walikuwa wakiniita Mathe, yaani mama, na kwa muda mrefu jina hilo lilinitosha. Nilijua nani hali maharagwe, nani anapenda chapati iliyoungua kidogo kandokando, nani amefeli mtihani na anataka chai ya kunywa kimya. Kila baada ya miaka michache walimaliza masomo wakaondoka, wakaja wengine wakaniita jina lilelile.

Katika wadi ile sikuwa Mathe wa mtu. Wanawake wengi walikuwa wa Embu na Mbeere. Kiembu na Kimeru ni ndugu, lakini ni ndugu waliolelewa nyumba mbalimbali. Nilikuwa nikielewa nusu ya kila kitu. Mtu alisimulia jambo, wadi nzima ikacheka, nami nikatabasamu kwa kuchelewa. Wakitaka kuzungumza nami walihamia Kiswahili, na hapo mazungumzo yakawa mafupi na ya heshima, kama ya watu waliokutana ofisini.

Asubuhi ilikuwa na shughuli zake. Kulikuwa na uji, kusafishwa, kubadilishiwa shuka huku wauguzi wawili wakiniinua mgongo kidogo na mimi nikishikilia chuma cha juu ya kitanda. Kisha madaktari walipita. Waliuliza kuhusu mguu, waligusa vidole vyangu kuona kama vina joto, wakaandika, wakaenda kitanda kinachofuata. Sikuwalaumu. Wagonjwa walikuwa wengi na wao walikuwa wachache, na mguu wangu ndio uliokuwa umenileta kwao.

Shida yangu ilikuwa mchana, saa ya wageni.

Mlango ulipofunguliwa waliingia wakiwa wengi, na vikapu, na chupa za chai, na watoto waliovishwa nguo za kanisani. Harufu ya mukimo na ndizi za kupika ilijaza wadi. Kila kitanda kilipata watu wake. Changu kilikuwa karibu na dirisha, na watu walipita pembeni yake wakitafuta wanaowatafuta, wakinipa salamu fupi ya huruma. Kaka yangu alikuja mara moja. Alisimama, akatazama ule uzito unaoning'inia, akasema barabara ni ndefu na shamba halina mtu. Alikuwa amevaa koti lake zuri. Nilimwambia asihangaike, simu inatosha, naye akashukuru kwa jinsi nilivyosema hivyo upesi.

Baada ya hapo nikajifunza kulala saa ya wageni. Nilijifunika leso usoni, nikapumua polepole, ili asiwepo mtu wa kunionea huruma. Chini ya leso ile nilisikia kila neno.

Kitanda kilichofuata changu kilikuwa cha mama mmoja wa Mbeere, upande wa Kiritiri, aliyenizidi umri kwa miaka kama kumi. Alikuwa mkulima wa ndengu na kunde, na alikuwa na mbuzi. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemtia kidonda mguuni ambacho hakikupona, na wiki ile nilipolazwa walimkata mguu chini ya goti. Mama huyo ndiye aliyekuwa na wageni wengi kuliko sisi wote. Wana wake walikuja, wakaza wana, majirani, na wanawake wa kanisa lake wenye vitambaa vya rangi moja kichwani. Waliimba wakiwa wamezunguka kitanda, mpaka muuguzi akaja kuwaomba wapunguze sauti. Mama aliwajibu kwa mzaha. Aliuliza habari za mbuzi kwa majina yao. Aliwaambia kwamba sasa atanunua kiatu kimoja na kuokoa ngozi. Walicheka, wengine huku wakipangusa macho.

Bintiye wa mwisho, mwalimu wa chekechea, ndiye aliyenigundua chini ya leso. Siku moja aliniwekea sahani ya ndizi juu ya kabati langu dogo bila kuniamsha. Kesho yake akasema, "Mama, najua hujalala. Kula." Tangu hapo hawakunipita. Chochote walichomletea mama yao, na mimi nilipata. Nilikula nikishukuru, na nilimwonea wivu yule mama kwa namna ambayo ilinitia aibu, maana ni mtu aliyepoteza mguu, na mimi wangu nilikuwa bado nao.

Siku moja simu yangu iliita. Alikuwa msichana mmoja wa mwaka wa tatu, mteja wangu wa kila siku. Aliniuliza nikoje, akazungukazunguka, kisha akasema, "Mathe, kuna mama mwingine kwa kibanda chako. Mwenye ploti amempatia. Nilidhani unajua."

Sikujua. Nilimwambia ni sawa, amsalimie huyo mama. Nikazima simu, nikatazama dari.

Jambo lililonijia halikuja kwa kishindo. Lilikuja kama mtu anayebisha hodi taratibu. Lilisema ingekuwa afadhali kama ile pikipiki ingemaliza kazi. Nikalifukuza. Kesho yake likarudi, likakaa zaidi. Mguu uliuma mchana kutwa, usingizi haukuja, na katika maumivu yale nilijiuliza ninaponea nani. Nikimaliza kulala hapa, nirudi wapi? Nilijiona nikiwa kwenye boma la kaka yangu, nimekaa kwenye stuli uani, mke wake akinizunguka akifagia. Fikira ile ya kutokuwepo ikaanza kunipa utulivu wa ajabu, na utulivu ule ndio ulionitisha. Nilikuwa nimeuona hapo awali, kwenye uso wa mtu mwingine.

Baba yangu alikufa kwa mkono wake mwenyewe nikiwa katika shule ya msingi. Sitasema namna. Alikuwa amelazwa hospitali kwa muda mrefu, mgongo, na aliporudi nyumbani hakuweza tena kupanda mti wa miraa wala kubeba kitu. Siku za mwisho alikuwa mtulivu, mtulivu kuliko tulivyowahi kumwona. Mama alifurahi akidhani amepona. Baada ya hapo, nyumbani hatukulitaja tena jambo lile. Alizikwa haraka, watu wakiwa wachache, na sisi watoto tuliambiwa tukiulizwa tuseme ni ugonjwa. Nimesema ni ugonjwa maisha yangu yote. Sasa nikiwa mtu mzima naona kwamba hatukusema uwongo, ila hatukujua ni ugonjwa upi tunaoutaja.

Mchana mmoja wageni walikuwa wametoka. Wadi ilikuwa na ule ukimya unaobaki baada ya watu wengi kuondoka, maganda ya ndizi kwenye vikapu, viti vimekaa ovyo. Nje kulikuwa na manyunyu ya baridi yanayotoka mlimani. Nilitoa leso usoni, nikageuza kichwa, nikamwona jirani yangu ameelekea ukutani. Nilikuwa nimeshaona hilo. Kila walipoondoka watu wake, uso wake ulishuka kama nguo iliyoanuliwa, naye akageukia ukuta. Nilidhani ni uchovu.

"Mama," nikamwita. "Wamekuachia chai. Itapoa."

"Kunywa wewe," akasema bila kugeuka.

"Leo wameimba vizuri."

Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Dada, nimechoka kutazamwa. Wakija inabidi niwafurahishe. Wanatoka mbali, wamefunga kazi, hawawezi kurudi na uso wangu huu. Sasa nawachekesha. Wakienda, nabaki nikiwa nimechoka kama nimelima."

"Lakini wanakupenda."

"Wananipenda. Ndiyo shida." Akageuka, akanitazama. "Mimi nimekuwa nikiamka kabla yao wote. Ninachota maji, ninafungua mbuzi, ninapalilia. Sasa nikirudi, nani atanipeleka choo? Yule mtoto wangu mwalimu anasema ataacha kazi anilinde. Aache kazi kwa sababu ya mimi? Hapana. Nimeshaamua. Nikifika nyumbani, sitawasumbua siku nyingi."

Nilijifanya sijaelewa. Nikamuuliza ana maana gani. Akaniambia. Hakuzunguka, alinieleza alivyopanga, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwaulizia mbuzi wake. Na uso wake ulikuwa mtulivu.

Nikamwambia la kweli. "Hata mimi, mama. Hata mimi nimekuwa nikiwaza hivyo hapa."

Alishtuka. "Wewe? Wewe bado una miguu miwili."

"Na sina mtu."

Tukatazamana. Ilikuwa ajabu, maana kwa muda mfupi pale nilipata nafuu niliyokuwa sijaipata tangu niletwe. Yeye alikuwa na watu wa kujaza wadi, mimi nilikuwa na dirisha, na tulikuwa tumefika mahali pamoja. Aliunyoosha mkono, lakini vitanda vilikuwa mbali kidogo na mimi sikuweza kugeuka, kwa hiyo mikono yetu haikufikiana.

"Usimwambie mtu," akasema. "Nimekwambia wewe kama dada yangu. Nasikia ukisema mambo kama haya, wanaita polisi."

"Sidhani wanaita polisi."

"Usimwambie."

Sikuahidi, wala sikukataa. Alichukulia kunyamaza kwangu kuwa ahadi.

Nililala siku ile nikiwa na neno lake kifuani. Kama ningekuwa na miguu ya kutembea labda ningejidanganya kwamba nitamchunga mwenyewe. Lakini nilikuwa nimefungwa kwenye kitanda, na yeye alikuwa anakaribia kuruhusiwa; daktari alikuwa amemwambia kidonda kinakauka vizuri. Kila nilipofumba macho nilimwona mama yangu akifurahi kwamba baba ametulia.

Kesho yake asubuhi walikuja kumchukua kwa kiti cha magurudumu kwenda kubadilishiwa bandeji. Alipotoka tu mlangoni nikamwita muuguzi aliyekuwa akigawa dawa. Alikuwa msichana mwembamba, macho mekundu kwa kazi.

"Sista, njoo kidogo."

"Nakuja mama, nimalize upande huu."

"Njoo sasa. Atarudi."

Kitu katika sauti yangu kilimfanya aweke trei chini. Nilimwambia kwa kunong'ona yote niliyoambiwa. Nilitarajia aseme asante aondoke kwenda kumtafuta daktari. Badala yake alivuta kiti cha wageni, akaketi. Nadhani alikuwa mtu wa kwanza kuketi kwenye kiti kile.

"Umefanya vizuri kuniambia," akasema. "Tutamwangalia. Hakuna polisi watakaoitwa." Kisha akanitazama. "Na wewe, mama? Wewe mwenyewe umewahi kuwaza kujiua ukiwa hapa?"

Aliliuliza wazi hivyo, kwa neno lake lenyewe. Sijawahi kulisikia neno hilo likisemwa bila sauti kushushwa. Nilifungua mdomo nimjibu, nikalia. Nililia nikiwa chali, machozi yakiingia masikioni, naye akawa anayapangusa kwa pamba aliyotoa mfukoni. Nilipoweza kusema, nikasema ndiyo.

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo. Jirani yangu aliporudi alikuta vitu vyake vimehamishwa hadi kitanda kilicho mbele ya meza ya wauguzi, upande wa pili wa wadi. Daktari alizungumza naye wakiwa wamefungiwa pazia. Wanawe waliitwa. Ilipofika saa ya wageni hawakuimba. Niliwaona wakitoka kuzungumza na daktari, wana wakubwa wakiwa wameshika kofia mikononi.

Mmoja wao alikuja kitandani kwangu. "Ni wewe uliyesema mama yetu ana wazimu?"

"Sikusema ana wazimu. Nilisema ana uchungu."

"Nani alikutuma?"

Hakusubiri nimjibu. Aliondoka.

Mama mwenyewe alinisemesha mara moja tu. Walikuwa wakimpitisha kwa kiti kwenda bafuni, akamwomba msukumaji asimame. "Nilikuambia kama dada yangu," akasema. "Umeniuza." Hakuwa amekasirika kwa sauti. Alisema kama mtu anayetoa habari. Akasukumwa akaenda.

Siku zilizofuata zilikuwa za upweke kuliko zote. Kitanda cha jirani kilipewa msichana aliyetoka kufanyiwa upasuaji, akalala na vitu vyake vya kusikizia masikioni. Sahani za ndizi hazikuja tena. Wanawake wa kanisa walipopita walinitazama kisha wakatazama sakafu. Hata nusu ile ya mazungumzo niliyokuwa nikielewa sasa ilisemwa kwa sauti ya chini. Nilirudi chini ya leso yangu. Nilijiambia kwamba nimefanya lililo sawa, na kulisema hivyo hakukunipa mtu wa kuzungumza naye.

Mchana mmoja nilihisi mtu akiugusa mguu wangu mzima. Nilitoa leso. Alikuwa bintiye, yule mwalimu wa chekechea. Blanketi lilikuwa limeteleza na mguu ulikuwa nje kwenye baridi. Aliufunika, akaukunjia blanketi vizuri chini ya kisigino kama wanavyofunikwa watoto. Alisimama kidogo pale mwisho wa kitanda, macho yamemjaa, kisha akarudi kwa mama yake.

Mshauri nasaha alikuwa anakuja kumwona yule mama, na muuguzi akamwomba aje kwangu pia. Alikuwa mwanamume wa makamo aliyevaa sweta, mtu wa Chuka. Aliuliza maswali ya kawaida kabisa. Je, maumivu yananiacha nilale? Nikitoka hapa nitakwenda kwa nani? Nilikuwa nikifanya kazi gani, na bado ipo? Nilishawahi kuwaza hivi kabla ya ajali? Nakunywa pombe? Halafu akauliza, "Katika familia yenu, kuna mtu aliyewahi kufa kwa kujiua?"

Nilianza kusema ni ugonjwa. Ulimi ulikuwa umeshazoea. Nikaacha katikati.

Akasubiri. Kisha akasema, "Ukipenda, sema Kimeru. Nitakuelewa."

Nikamsimulia kwa Kimeru. Sikuwa nimewahi kumsimulia mtu kwa lugha yoyote. Nilimwambia kuhusu mgongo wa baba, kuhusu miti aliyoshindwa kupanda, kuhusu siku zake za utulivu, kuhusu mazishi ya haraka. Nilisikia sauti yangu ikiwa ya msichana mdogo, maana maneno ya Kimeru niliyokuwa nayo kwa jambo lile yalikuwa ya umri ule. Alipoona nimemaliza aliniambia kwamba mambo hayo yote, maumivu yasiyoisha, kukosa usingizi, kazi iliyopotea, kukosa watu, na kifo cha baba, kila moja ni mzigo, na mimi nilikuwa nimebebeshwa yote pamoja nikiwa nimelala chali. "Si udhaifu," akasema. "Na hupaswi kubeba peke yako." Alizungumza na daktari, wakanibadilishia dawa ya maumivu, wakaniongeza nyingine ya kunywa jioni. Nilianza kulala. Halikuwa jambo kubwa, lakini mtu aliyelala huamka akiwa na nafasi kidogo kichwani.

Mama wa Mbeere aliruhusiwa kabla yangu. Niliona wakimfunga shuka kiunoni, wakimweka kwenye kiti. Mlango uliokuwa karibu naye ulikuwa ule wa upande wa pili, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kupita kwangu. Nilikuwa nimetayarisha salamu kwa Kimbeere, nimemuuliza msichana wa kitanda cha jirani namna ya kuisema. Haikuhitajika.

Mimi nilitoka baadaye sana, na magongo. Nilikaa kwa kaka yangu Mikinduri, kwenye stuli ileile niliyoiwazia, uani. Haikuwa mbaya kama nilivyodhani, wala haikuwa nzuri. Wake wa majirani waliniletea miraa ya kufunga kwenye majani ya migomba, kazi ya kukaa, na nikaifanya. Kwenda kliniki kulikuwa safari ya kutwa, lakini nilikwenda. Siku moja, tukifunga vitita, nikamwambia kaka yangu, "Baba hakufa kwa ugonjwa wa mgongo." Hakuinua kichwa. Aliendelea kufunga, akasema, "Najua. Mimi ndiye nilimkuta." Miaka yote ile sikujua. Tulikaa tukifanya kazi mpaka jua likashuka nyuma ya miti.

Nilipoweza kusimama muda mrefu nilirudi Nchiru. Kibanda changu cha zamani bado kina yule mama mwingine, na chapati zake ni nzuri. Nilipata nafasi ndogo zaidi nyuma ya hosteli, napika maharagwe na ndengu tu. Fikira zile zimewahi kurudi, hasa mguu ukiuma wakati wa baridi. Zikija sizikaribishi peke yangu. Nampigia mshauri, au namwambia muuguzi wa kliniki, na nimejifunza kulitaja jambo hilo kwa jina lake.

Muda mrefu ulikuwa umepita simu ilipoita, namba nisiyoijua. Nilipokea, nikasikia mtu akipumua.

"Mguu wako ulishika?" sauti ikauliza.

Niliijua mara moja. "Ulishika, mama. Unatembea vibaya, lakini unatembea. Na wewe?"

"Walinipatia wa plastiki. Unanifinya." Kisha akasema, "Bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Siku zingine nashukuru. Siku zingine sishukuru. Leo sijui ni ipi."

Nikamwambia kwamba hata mimi sijui siku yangu ni ipi mpaka iishe. Alicheka kidogo, si kicheko kile cha wageni. Tukazungumza kuhusu mvua, ambayo kwao ilikuwa imekataa, na kuhusu bintiye, ambaye hakuacha kazi. Wamepanga zamu na mkaza mwana. Kisha akasema salio lake linaisha, akakata bila kuaga.

Sasa hupiga mara chache. Mimi nilikuwa sijawahi kumpigia, kwa kuona kwamba hiyo ni haki yake. Lakini juzi chuo kilifungwa. Wanafunzi waliondoka na mabegi yao, hosteli zikabaki milango imefungwa, na kwenye jiko langu palikuwa na sufuria moja ndogo. Ilikuwa alasiri, nimeshaosha vyombo, hakuna wa kumsubiri. Nilikaa nikautazama ule ukimya wa barabara, nikaona umeanza kuninyemelea. Nikachukua simu, nikatafuta namba yake.

Iliita sana. Akapokea bintiye.

"Ni mimi," nikasema. "Wa dirishani."

"Aa, mama! Yuko nje, anapepeta kunde. Ngoja nimwite."

Nikasikia simu ikiwekwa juu ya kitu, na hatua zikienda mbali. Nikasikia kuku. Nikasikia binti akiita kwa Kimbeere, na sauti ya mama ikijibu kutoka mbali, ikiuliza ni nani, na binti akimjibu. Kisha ule mguu wake wa plastiki ukaanza kugonga ardhi, polepole, ukija. Nikasubiri.